Mchezo Uliomalizika Haurejeshwi

Ujumbe ulimkuta Mama Mboni amechuchumaa kitaluni, anahamisha miche ya mivule kutoka kwenye trei kwenda kwenye viriba. Mikono yake ilikuwa udongo mtupu mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo simu ilipolia mara ya kwanza aliiacha, ya pili akaiacha, ya tatu akajifuta kwenye kanga na kuitazama. Alidhani ni yule mteja wa miparachichi, maana mteja yule alikuwa na tabia ya kupiga simu kama anayedai mahari.

"Mpendwa mtumiaji. Ombi la marejesho ya mchezo NYUMBA YA JUU limekubaliwa. Mnunuzi atarudishiwa fedha yake yote. Bidhaa itachukuliwa leo saa kumi kamili alasiri kutoka katika vichwa viwili vilivyoutumia. Huhitaji kufanya lolote. Asante kwa kuichagua Kiota."

Akausoma tena, midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza kusoma. Kichwa kimojawapo kati ya hivyo viwili kilikuwa makaburini mwaka wa pili sasa, na huko kampuni ya Kiota haikuwa na la kuchukua. Kilichobaki kilikuwa chake.

Aliyekulia zama za michezo ya vidole huenda asielewe kwa nini mwanamke mzima aliacha miche juani akaondoka mbio, ndala moja imekatika ukanda. Mchezo wa utepe hauchezwi kwa vidole. Unalala, unafunga utepe kwenye paji la uso, unafumba macho, na mchezo unakutandikia uzi mwembamba ndani ya kumbukumbu. Saa moja ya nje ni siku kumi za ndani. Ukiamka umekuja na siku zako kumi, na jua lake na mvua yake na mbu wake, nazo zinakaa kichwani pamoja na siku ulizoishi kwa miguu yako mwenyewe, bila kubaguana. Ndiyo maana michezo hiyo ilikuwa ghali. Na ndiyo maana wanunuzi waliotapeliwa walipopata sheria ya kudai fedha zao, kampuni nazo ziliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulikwepa: anayerudisha kiatu anatoa kiatu, anayerudisha mchezo anatoa nini? Jibu likawa uzi. Kampuni hupeleka wito, uzi huyeyuka pale ulipo, na kila kilichotandikwa juu yake huondoka nao. Kwenye karatasi jambo hilo linaitwa kurejesha bidhaa. Wafanyakazi wenyewe wanasema kuvuna.

Na kwenye uzi wa Mama Mboni kulikuwa na Mboni anayekimbia.

Nje ya mchezo hakuna aliyewahi kumwona Mboni akikimbia. Maradhi ya mifupa yalimlaza kabla hajajua hata kuruka kamba, akafa ana miaka saba, kwenye kitanda cha hospitali kilichosogezwa dirishani ili aone wapita njia. Wiki sita za mwisho daktari aliruhusu utepe, saa moja kwa siku, mama na mtoto pamoja. Saa arobaini na mbili. Piga hesabu mwenyewe: mwaka mmoja na miezi miwili. Ndani ya muda huo Mboni alipanda mlima kwa miguu yake, alilima, alitumbukia kwenye mfereji akatoka anacheka, alitimiza miaka minane na kudai apikiwe maandazi. Huyo ndiye angevunwa leo saa kumi. Angebaki yule wa kitandani peke yake.

*

Ofisi ya Marejesho ya Korogwe ilikuwa na chumba kimoja, feni moja na afisa mmoja, Mwalimu Mdoe. Alikuwa amefundisha hisabati miaka ishirini kabla ya kushika kazi hiyo, na mji ulikuwa umekataa katakata kumwita jina jingine. Mama Mboni alimwamkia shikamoo huku anahema, akamwekea simu mezani.

Mwalimu aliitikia marahaba, akausoma ujumbe taratibu, akafungua jalada kwenye kioo chake, na haya ikaanza kumwingia usoni kabla hajasema lolote. Mama Mboni alikuwa ameshajiandaa kuitukana kampuni. Alijua wamekosea namba, au wamevamiwa na wezi wa mitandao, au wamelewa. Mwalimu akamwambia hakuna aliyekosea. Mwombaji ni mnunuzi mwenyewe, Athumani Shekue. Baba Mboni.

Mama Mboni alikaa chini bila kukaribishwa.

Sababu ya ombi, Mwalimu aliendelea, ilikuwa halali kabisa. Tangazo la Nyumba ya Juu liliahidi mchezo wa familia, watu wanne kwa mara moja, na mchezo ulipofika ukawa unaingiza wawili tu. Mwaka huu Mamlaka ya Wanunuzi ilithibitisha kuwa ule ulikuwa udanganyifu, ikampa kila mnunuzi haki ya kurudisha hata kama miaka imepita. Baba Mboni aliahidiwa kuingia na mtoto wake, akaishia kukaa katikati ya watu wawili waliolala, saa nzima kila siku kwa wiki sita, anatazama kope zao zinavyochezacheza. Kama kuna mnunuzi aliyedhulumiwa katika nchi hii, basi ni yeye. Fedha alikuwa ameandika zipelekwe msikitini.

Mama Mboni akasema mchezo ule aliununua yeye, kwa zamu yake ya upatu, na mashahidi wapo, wanawake kumi na mmoja wenye midomo. Mwalimu akauliza fomu alijaza nani. Yeye. Kwa nini basi aliandika jina la mumewe? Mama Mboni alimtazama kama ameulizwa kwa nini mlango una bawaba. Nyumbani kwao kila kitu huandikwa jina la mwenye nyumba: redio, baiskeli, mita ya maji, hata kile kitalu anachokipalilia peke yake. Hakuna aliyewahi kumlazimisha. Mama yake aliandika hivyo, na bibi yake asiyejua kuandika aliweka dole gumba hivyohivyo.

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama yangu," alisema Mwalimu Mdoe, wala hakusema kwa kejeli. "Kwenye fomu hii wewe hupo. Ukitaka uwepo, hilo ni shauri la siku kumi na nne."

"Ni leo saa kumi, Mwalimu."

"Najua."

Sheria hiyo Mwalimu aliipigania yeye mwenyewe. Kabla yake mtu akinunua mchezo mbovu, akilalamika anaambiwa umeshaufungua, na mchezo ukifunguliwa ni wako hata ukiwa mtupu. Mwalimu na wenzake walisimama juani na mabango mwaka mzima, wakapigwa maji ya kuwasha, wakashinda. Walidai haki ya mnunuzi wakapewa yote, bila punguzo. Haikuwapitia akilini hata mara moja kwamba mnunuzi na mchezaji wanaweza kuwa watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Aliyaeleza hayo huku akipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Kisha akamwonyesha kifungu cha tisa. Mchezo uliomalizika haurejeshwi. Kampuni ndizo zilizokiomba, na wadai haki walikikubali kwa sababu hakikuwa na hila: aliyekula ugali mpaka akakomba sahani hawezi kusema haukuiva. Mchezo ukifika mwisho kabla ya saa kumi, ombi linakufa lenyewe, hata mnunuzi apige kelele. Na jalada lilionyesha kwamba Mboni na mama yake waliishia tuta la saba kati ya matuta tisa ya mlima ule, ambayo mchezaji huyalima moja baada ya jingine mpaka nyumba iliyo kileleni. Zilibaki siku arobaini za ndani. Saa nne za nje.

Mama Mboni alikuwa ameshasimama. Mwalimu akamwomba akae amalize kusikia, kwa sauti ambayo zamani ilinyamazisha madarasa. Nyumba ya Juu haiishi mpaka wachezaji wote waliosajiliwa waingie ndani na mlango ufungwe. Mboni hayupo, kwa hiyo mfumo ungemwendesha wenyewe. Ulikuwa umemjifunza kwa saa arobaini na mbili, kucheka kwake, kununa kwake, kila kitu. Halafu mchezo ukiisha hushonwa. Mfumo hupita juu ya uzi wote, unaondoa mapengo na viraka, unaufanya kumbukumbu moja laini, kwa kuwa ndivyo tangazo lilivyosema, na safari hii walitimiza.

"Ukitoka hutajua yupi alikuwa Mboni na yupi alikuwa mashine," alisema. "Utajua tu kwamba mashine ilikuwemo. Mahali gani, hutajua. Nenda kwa mumeo kwanza. Akiliondoa ombi kwa mdomo wake, utabaki na mtoto wako kama alivyo."

*

Baba Mboni alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na kumpata saa za kazi ilibidi kumpigia msimamizi wake magoti ya maneno. Alitoka akiwa ameloa maji ya kijani mpaka kifuani. Wakasimama nyuma ya nyaya za kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, mbali kidogo na kelele. Hakujifanya hajui kilichomleta mkewe.

Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Angekuwa mbaya, siku ile ingekuwa nyepesi. Alikuwa mume wa kurudi nyumbani mapema, wa kuuliza kama umekula, na katika miaka ya ugonjwa alimbeba mtoto mgongoni kwenda hospitali mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka. Alikuwa tu amekaa na jambo hili kimya kwa miaka miwili, nalo likamchachia.

Mama Mboni alimwambia aliondoe ombi. Akasema hawezi. Akamkumbusha siku ya shughuli kwa shangazi, mbele za watu, mkewe alivyosema mwanangu alipotimiza miaka minane, na watu walivyotazamana.

"Alitimiza," alisema Mama Mboni.

"Mimi ndiye niliyemteremsha kaburini, Mama Mboni. Alikuwa wa miaka saba, na uzito wa mtoto wa mitatu. Huyo ndiye mwanangu. Wewe unamlilia mwingine, mrefu, ana miguu. Nyumba moja ina misiba miwili, na wa kwangu naulilia peke yangu."

"Kwa hiyo uninyang'anye wangu ili tulie sawa."

"Ndiyo," alisema.

Alilisema bila hasira, na hapo Mama Mboni aliona kwamba hataweza hata kumchukia, jambo ambalo lingemsaidia sana saa ile. Akapiga magoti. Hakuwahi kumpigia mume wake magoti tangu siku ya ndoa yao, na alipiga pale pale kwenye tope la kijani, mbele ya wanawake wanaoanika singa waliogeuka haraka kutazama pembeni. Baba Mboni alimnyanyua kwa mikono miwili. Alimwambia ameshaulizia, waliovunwa hawaumii, hujisikia kama mtu aliyesahau ndoto. Kesho watakwenda makaburini pamoja, wamkute mtoto mmoja. King'ora kikalia, akarudi kwenye mashine yake akiwa anaangalia chini.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Mama Mboni alikodi bodaboda, akafika nyumbani, akafunga mlango kwa komeo, akautoa utepe chini ya kanga alizokuwa akijifunikia marehemu Mboni. Alipolala na kufumba macho ilikuwa saa sita kasoro kumi.

*

Tuta la saba lilikuwa na ukungu na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Mboni alikuwa pale pale alipoachwa siku ya mwisho, kando ya mfereji, mguu mmoja chini na mwingine hewani, mdomo wazi. Siku ile muuguzi aliwaamsha sentensi ikiwa katikati. Baada ya mazishi mama yake alirudi humu mara moja tu, akauona ule mguu, akatoka bila kukaa hata dakika.

Sauti ya mfumo ilimuuliza kwa adabu: mchezaji wa pili hayupo, je, aendeshwe? Akasema hapana. Akajaribu kumbeba. Mtoto hakutikisika, alikuwa mzito kama kisiki chenye mizizi. Akajaribu kumfunga kamba. Akajaribu kwenda tuta la nane peke yake, njia ikajifunga mbele yake, akazunguka upande wa pili, ikajifunga tena. Aliongea na mlima kama kichaa. Siku moja na nusu ikapotea hivyo, akajua kwamba nje ni dakika tisa, na dakika za ziada alizokuwa nazo zilikuwa kumi.

Akasema ndiyo.

Mguu ukatua. "...halafu kuna samaki kule chini, wawili," alisema Mboni, akimalizia sentensi aliyoianza miaka miwili iliyopita.

Mama Mboni akageuka akampa kisogo. Mpango wake aliupanga njiani, juu ya bodaboda. Hatamtazama. Hatamjibu. Kilichokataliwa na jicho hakiwezi kushonwa, alijiambia, na masikio atayafunga kwa kanga. Atatembea mbele na kile kitu kitamfuata nyuma kama punda wa mizigo, siku arobaini, mpaka mlangoni. Mtoto wake atabaki vile vile alivyokuwa, na huyu hataacha alama.

Akalima tuta la nane amempa mtoto mgongo. Akapanda viazi amempa mtoto mgongo. Kanga haikuziba sawasawa. Nyuma yake yule mtoto alizungumza habari za samaki siku tatu, kisha akauliza kwa nini mama amekasirika, kisha akauliza yeye amekosa nini. Baadaye akanyamaza. Kazi alifanya vizuri. Alichota maji, akaweka ndoo karibu na visigino vya mama, akarudi nyuma hatua mbili. Mfumo ulikuwa umejifunza hata kile kikamasi alichokivuta Mboni kabla ya kulia. Mama Mboni alilima huku machozi yanadondoka kwenye mpini, kwa sababu kumnyima uso mtoto ambaye hakukosa ni kazi ngumu hata pale mtoto mwenyewe hayupo.

Siku ya thelathini na moja walikuwa wanapanda kwenda tuta la tisa na mvua ilikuwa inanyesha. Alisikia mawe yakiporomoka, na sauti ikaita mama, mara moja tu.

Mwili uligeuka kabla ya akili. Alipokuja kujua alikuwa amekaa matopeni amempakata, anamsafisha goti, anasema pole mama, pole mama, na mtoto alikuwa wa moto na ananuka mafuta ya nazi. Hakuweza tena kumpa kisogo. Siku zilizobaki alimtazama kama mtu aliyefunga mwezi mzima na sasa adhana imelia. Alimsuka. Alimjibu maswali yote ya nyuma, moja moja. Alimwomba radhi, na yule mtoto akamsamehe kwa namna ile ile ambayo Mboni angemsamehe, kwa kumcheka kwanza.

Asubuhi ya siku ya mwisho walifika mlangoni. Jua lilikuwa linawapiga usoni. Mtoto akamshika kidole.

"Mama, tukiingia ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Mimi sikuogopa, mama. Hata kule kitandani. Mlidhani naogopa, lakini sikuogopa."

Mama Mboni alisimama. Kwa miaka miwili alikuwa akitamani kuyasikia maneno hayo kuliko kitu chochote duniani, na alijua, akiwa bado na akili zake timamu, kwamba hakuna mtoto aliyeyasema. Ni mashine. Ilikaa na mama saa arobaini na mbili, ikajua njaa yake iko wapi, ikampakulia. Akajiambia alikumbuke hilo. Haya si ya Mboni. Mengine sijui, lakini haya si yake. Aliyarudia maneno hayo kwa sauti huku akivuka kizingiti, ameshika mkono mdogo uliomshika. Mlango ukafungwa nyuma yao, na mfumo ukaanza kushona.

*

Alifumbua macho saa kumi kasoro dakika mbili. Simu ilikuwa imeshaandika: hongera, mchezo umemalizika, ombi la marejesho limefungwa. Alilala vile vile akitazama dari, akasubiri. Saa kumi ikafika, ikapita. Mboni alikuwemo. Alikuwa anakimbia kwenye ukingo wa mfereji, ana miaka minane, na Mama Mboni akacheka peke yake kitandani kama msichana.

Ndipo akaanza kutafuta mshono.

Alijua upo. Mwalimu alimweleza na yeye alikubali. Lakini mwaka ule na zaidi ulikuwa umelala ndani yake kama kitambaa kimoja, hauna pindo wala kiraka. Nani alisema kuna samaki wawili? Lile goti lililochubuka lilichubuka lini? Alikumbuka kwamba alipanga kumpa mtoto kisogo, hayo aliyapanga kwenye bodaboda, huku nje. Ndani hakukiona kisogo hicho popote. Katika kila siku aliyoikumbuka alikuwa amemtazama mwanawe usoni. Kulikuwa pia na jambo alilojitahidi sana kujikumbusha mwishoni, karibu na mlango. Alikumbuka kujitahidi. Jambo lenyewe halikuwepo.

Baba Mboni alirudi saa kumi na moja. Naye alikuwa amepata ujumbe. Mama Mboni alimfungulia komeo, akangoja ugomvi, lakini mume hakuwa na ugomvi wowote mwilini. Alikaa sakafuni akaegemea ukuta, nguo zake bado zina utomvu wa mkonge, akawa anavuta nyuzi zilizoganda kwenye mkono wa shati. Tangu mazishi hakuwahi kumwuliza mkewe lolote juu ya mlima ule, hata siku moja.

"Kule," alisema mwishowe, "aliwahi kusema kama alikuwa anaogopa?"

Akaeleza, macho yake yakiwa kwenye shati. Usiku ule hospitalini mtoto alimshika kidole, akakikaza, mpaka mwisho. Hakusema kitu. Yeye alimwambia usiogope, usiogope, na mpaka leo hajui kama alimtuliza au yeye ndiye aliyemfundisha kuogopa. Kila siku kwenye mashine anawaza hilo tu. Kama kuna mahali popote mtoto alisema, hata huko ambako yeye alizuiwa kuingia, angependa kujua.

Mama Mboni akatazama ndani, na jibu lilikuwepo pale pale, halikuhitaji kutafutwa. Mlangoni, asubuhi, jua usoni, kidole chake kimeshikwa. Sauti ilikuwa ya Mboni. Ilikuwa safi kuliko sauti nyingine yoyote aliyokuwa nayo, na hilo lilimtisha, lakini sauti zote sasa zilikuwa safi. Angeweza kusema sijui, na hilo ndilo lililokuwa kweli. Akautazama uso wa mumewe uliokuwa unangoja.

"Alisema hakuogopa," akamwambia. "Hata kitandani. Alisema tulidhani anaogopa, lakini hakuogopa."

Baba Mboni akafunika uso kwa mikono yake miwili na kulia. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, kilio ambacho hakukilia kaburini wala arobaini, na ndani ya kilio hicho alikuwa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mwanangu hakuogopa. Mkewe akakaa chini ubavuni pake, akamshika mgongo. Miaka miwili alikuwa amengoja walie pamoja, na sasa alimtafuta Mboni ili amlilie. Akamkuta mlangoni, akamkuta mferejini, akamkuta anakula maandazi, wote wanang'aa sawasawa, wote wanamwita mama, na hakuthubutu kumkumbatia hata mmoja. Macho yake yalikuwa makavu.

Baba Mboni alipopata pumzi alimwomba arudie, tena kwa maneno yale yale ya mtoto, asipunguze.

Akayarudia, neno kwa neno.